Katikati Kuna Maji

Bwana Nazir alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imelala juu ya magari, na kabla watu hawajamaliza kupeana pole binti yake Farah akanipigia simu. Pole yangu aliipokea harakaharaka, kisha akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila hakimtoki, kwamba mama yake amezikataa picha zote za marehemu walizochagua kuweka msibani, na kwamba hataki kusikia neno juu ya jambo hilo mpaka Nekesa aje. Nekesa ndiye mimi. Nilicheka peke yangu jikoni huku machozi yananitoka, nikazima jiko lenye maharage, nikaanza kutafuta viatu vya theluji. Mama Gulshan amepita miaka themanini, macho yake siku hizi yanatofautisha mwanga na giza tu, na bado anatuma watu waniite kana kwamba ninaishi mlango wa pili. Ninaishi mwendo wa mabasi mawili kutoka kwake, na sikuchelewa.

Basi la Scarborough, kitongoji chetu huku ughaibuni, halina haraka na mtu. Linapita plaza baada ya plaza, duka la sari, kinyozi, kanisa lililopanga ghala, mgahawa wa roti, tena kinyozi, na nyuma yake maghorofa yaleyale ya matofali ya kahawia, kila roshani na baiskeli yake iliyofunikwa turubai. Njia hiyo nilikuwa naipita karibu kila wikendi mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku hiyo, nikiwa kwenye kiti cha dirishani na miwani yangu ya kusomea mkobani, nilijikuta nauwaza mwaka ule kuliko ninavyouwaza hata mwaka niliofunga ndoa. Habari za Kitale nilikotoka na za ukoo wetu nitaziacha, zina mahali pake. Hapa nataka kusimulia habari za meza moja ya chakula, na za mume na mke wenye meza hiyo, na za uongo mmoja wa mapenzi uliokaribia kuwaharibia mambo.

Aliyenipeleka kwenye meza hiyo ni Kisanga, Mtanzania wa Moshi niliyekuwa napanga naye mboga katika duka la vyakula. Alinikuta nyuma ya duka wakati wa mapumziko nimepiga magoti kwenye lami, nampiga picha kindi aliyekaa juu ya pipa la taka akila mkate wa mtu. Hakunicheka. Alingoja kindi amalize, ndipo akasema, “Dada, Jumapili twende kwa Bwana Nazir. Kuna watu wa picha kule, wote wanaongea Kiswahili, halafu msosi wake si wa kitoto.” Wakati huo nilikuwa napanga chumba cha chini ya nyumba ya watu, nasoma asubuhi, nafanya kazi jioni, na chakula changu kilikuwa mkate na yai, kesho yai na mkate. Kwa ajili ya msosi ningekwenda hata kwenye kikao cha watoza kodi.

Bwana Nazir na Mama Gulshan walikuwa watu wa Tanga, Waismailia, waliohamia huku Farah akiwa mdogo. Sebule yao ilikuwa na zulia jekundu, pazia zito la kijani, na saa ya ukutani iliyokufa tangu Tanga ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitoa. Chakula kilikuja kwanza: kuku paka wa mchuzi wa nazi, mihogo ya nazi, bhajia za kunde na chatine yake, na chai ya maziwa yenye iliki hata koo linawasha. Tulikula mpaka tukafungua vifungo. Kisha Bwana Nazir aliifuta meza kwa kitambaa cha maji, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akatandika shuka jeupe, na hapo ndipo picha zilipotoka kwenye bahasha. Kule Tanga alikuwa na studio ya picha za harusi na za pasipoti, na mikono yake bado ilishika picha kwa ncha za vidole. “Uso katikati, masikio mawili, mabega sawa,” alikuwa akisema, na aliyasema hayo hata picha ikiwa ya uyoga.

Utaratibu ulikuwa kwamba picha inawekwa mezani, mwenye picha ananyamaza, na wengine wanasema mmoja baada ya mwingine. Ni utaratibu mzuri sana, ila hakuna aliyesema kitu cha maana. Picha ya kwanza ilikuwa ya jua likizama ziwani. “Mashallah,” akasema wa kwanza. “Imetulia,” akasema Kisanga. “Imetulia kweli,” akasema wa tatu. Picha ya pili, ya barafu juu ya tawi: “Mashallah. Imetulia.” Niliwatazama watu wazima hawa, wengine wamekuja kutoka mbali kwa basi na treni, nikashangaa wamekuja kufanya nini. Leo naelewa zaidi. Tulikuwa watu ambao wiki nzima tunaambiwa makosa yetu, kazini, shuleni, kwenye simu, hata lafudhi zetu zinasahihishwa, na hakuna aliyetaka kuja Jumapili kumsahihisha mwenzake juu ya shuka jeupe. Lakini wakati huo nilikuwa kijana, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Ikaja picha ya Mama Gulshan. Sikuwa nimempenda mpaka hapo, lazima niseme, kwa sababu aliponisalimu mlangoni alinipa mkono huku anatazama pazia, na nikajua huyu ni mtu wa kujiona. Picha yake ilikuwa ya bata bukini, yule bata mkubwa wa huku mwenye shingo nyeusi, amejaa fremu nzima. “Mashallah,” wakasema. “Imetulia.” Zamu yangu ikafika nikasema, “Mimi naona bata hana macho. Yaani uso wake umejaa ukungu, na picha nzima ina chembechembe kama mtu ameipulizia unga.”

Kisanga alinipiga teke chini ya meza. Bwana Nazir alinyanyua birika lililokuwa halina chai akaanza kummiminia mtu. Mama Gulshan hakugeuka.

“Nani huyo amesema?”

“Ni mimi, Mama. Nekesa.”

“Umetoka wapi?”

“Kitale.”

“Huko Kitale hawakukufundisha adabu?”

“Walinifundisha, Mama. Lakini bata ana ukungu.”

Alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa ambayo sikuitegemea kwa mtu mwembamba hivyo, akalitazama pazia kwa furaha, akasema, “Bas. Wewe kesho uje peke yako.”

Kesho yake alinikalisha sebuleni, akanipa bakuli la chevda, zile njugu na dengu za kukaanga, akanieleza mambo yake bila kuzunguka. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. “Nikikutazama usoni, uso wako siuoni. Naona masikio yako na kile kiti. Nikitaka kukuona wewe, natazama pazia, ndiyo unatokeatokea pembeni.” Niliona aibu kidogo, na huruma kubwa, na nadhani alizisikia zote mbili kwenye kupumua kwangu, kwa sababu alinikata hapohapo. “Huruma nimeshiba. Sikiliza. Maktaba ya mtaa wamenipa ukuta, mwezi wa kumi, nitundike picha zangu. Daktari anasema mwaka mwingine hivi sitapiga tena. Kwa hiyo huu ndio ukuta wangu. Sasa mimi siwezi kuziona vizuri picha zangu, na hawa watu wote wananiambia mashallah. Nitajuaje kama nina picha au sina? Nikitundika upuuzi watapita pale watasema, maskini, haoni. Sitaki ukuta wa maskini haoni. Nataka mtu wa kuniambia.”

Nikamwambia nitamwambia. Nilijiona wa maana sana. Akatoa picha nyingine kwenye bahasha, nikaitazama, nikasema, “Hii mbaya.”

“Mbaya si habari,” akasema. “Mbaya ni wewe hiyo, si picha. Niambie kuna nini.”

Ndivyo nilivyoanza shule. Kila Jumamosi mchana nilikaa na bakuli la chevda nikijifunza kusema kuna nini. Kuna tawi linatoka juu kushoto. Kuna ndege, mgongo wake kwetu. Kuna weupe chini ambao huenda ni theluji au huenda ni mfuko wa plastiki. “Ni upi?” Mfuko, Mama. “Endelea.” Nikitoa maoni kabla ya kumaliza kueleza, alikuwa anapiga kidole chake mezani, tak. Mwanzoni nilichoka upesi kwa kazi hiyo kuliko kupanga maboksi. Halafu nikaanza kugundua kwamba nikishamaliza kueleza, maoni yenyewe yameshabadilika, au yamepungua, au hayahitajiki tena. Jumapili mezani nikayatumia. Kisanga alileta picha ya mkewe ufukweni, na mimi badala ya kusema mbaya nikasema, “Kuna shemeji, anatabasamu, amevaa gauni la njano. Na kuna nguzo ya taa inamtoka kichwani.” Kisanga akaichukua picha akaitazama kana kwamba nguzo imeota usiku. Watu walicheka hadi saa ya ukutani ikatikisika, na wiki iliyofuata mtu mwingine akathubutu kusema kitu, na wa pili, na taratibu ile meza ikachangamka. Mama Gulshan aliyasikiliza yote akilitazama pazia. Mume wake tu hakubadilika. Kila picha, iwe ya nani, aliisogelea, akaipimia kwa viganja, akasema kwa upole, “Mimi ningemweka katikati.”

Kiangazi kikaja, na Mama Gulshan akataka kwenda kupiga picha nje kila siku isiyo na mvua, kana kwamba anakimbizana na mtu. Tulikwenda naye kwenye kijito kinachoingia ziwani, mimi nimebeba mkoba wa maji na bhajia, yeye ameshika kamera kifuani kwa mikono yote miwili. Alipiga polepole. Aligeuza kichwa huku na huku mpaka kitu kimtokee pembeni ya macho, akanyamaza, akabonyeza. Asubuhi moja kulikuwa na korongo wa kijivu kwenye maji ya kina kifupi, yule mrefu mwenye subira. Alimpiga mara moja tu, akanipa kamera. “Haya. Kuna nini?”

Nikatazama kioo kidogo cha nyuma. “Kuna korongo, amesimama, yuko pembeni kabisa kulia, karibu atoke nje ya picha. Anatazama kushoto. Katikati hakuna kitu.”

Tak, kidole kwenye kifuniko cha chupa. “Hakuna kitu au kuna maji?”

Nikatazama tena. Kulikuwa na maji, mapana, yanajaza karibu picha yote, na ndani ya maji kulikuwa na anga la asubuhi, na viduara vitatu vinapanuka mahali ambapo samaki au jani limegusa, na korongo kule pembeni alikuwa anavitazama vile viduara. Nilipomwambia hivyo alichukua bhajia, akaila yote. “Basi katikati kuna maji,” akasema. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kufurahi tangu nifike nchi hii, na sikuwa na sababu nyingine ila hiyo.

Jumapili baada ya hapo tulikula, meza ikafutwa, shuka likatandikwa, na Bwana Nazir akatoa picha za mkewe alizozichapisha yeye mwenyewe kwenye kompyuta yake, kama kawaida. Iliyokuwa juu ilikuwa ya korongo. “Mashallah,” akasema mgeni mmoja. Zamu yangu ilikuwa ya pili. Nikaanza kama nilivyofundishwa, bila hata kufikiri. “Kuna korongo wa kijivu. Amesimama majini, ni mkubwa, anajaza picha. Yuko katikati, anatazama...”

Hapo nikamkumbuka korongo wa kijitoni. Nilimtazama Bwana Nazir. Alikuwa ameshika kitambaa cha meza.

“Yuko wapi?” akauliza Mama Gulshan.

“Katikati, Mama.”

“Katikati. Na maji yangu?”

“Yapo kidogo. Hapa miguuni kwake.”

“Na vile viduara?”

“Havipo.”

Mama Gulshan alinyoosha mkono, akaishika ile picha pembeni pembeni, akaigeuza kwenye mwanga kana kwamba angeweza kuikuta. “Nazir,” akasema. “Hii si picha yangu.”

“Nimeisogeza kidogo tu, Gulshan.”

“Umemsogeza ndege?”

“Nimekata huku, na huku.” Alionyesha kwa viganja, ingawa hakuweza kumwonyesha yeye. “Ilikuwa imekaa vibaya. Wangeona.”

“Wangeona nini?”

“Wangeona kwamba huoni.”

“Lakini sioni, Nazir!” Sauti yake ilipanda mpaka nikaogopa. “Kila mtu hapa anajua sioni. Nakutazama wewe naona saa ya ukutani. Hicho ndicho nilichokipiga!” Kisha, taratibu, “Tangu lini unakata?”

“Mwaka jana.”

“Zote?”

Alianza kukikunja kile kitambaa cha meza. Nikamkumbuka yule bata wa siku yangu ya kwanza, mkubwa, mwenye chembechembe, na nikaelewa: alikuwa kipande kidogo cha picha kilichovutwa mpaka kikachanika. Mama Gulshan naye alikuwa ameelewa kabla yangu. “Kumbe mwaka mzima,” akawaambia wageni, “mmekuwa mnamsifu Nazir.” Akainuka, akashika ukuta, akaenda chumbani, na kabla hajafunga mlango akasema maktaba waambiwe ukuta wampe mtu mwingine. Bwana Nazir alibaki amesimama. Halafu, kwa kuwa nyumba ile mgeni hatoki mikono mitupu, akaenda jikoni akaanza kutujazia mihogo kwenye makopo, mmoja mmoja, macho yamejaa machozi. Mimi nilirudi kwangu na kopo langu nikiwa na hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nani, maana yule mzee nilimpenda, na nilichokuwa nimesema mezani hakikuwa na neno moja la uongo.

Wiki mbili tatu zikapita bila Jumapili. Kisha jioni moja nikiwa napanga kabichi nikamwona Bwana Nazir amesimama mwisho wa safu, kofia mkononi, koti limefungwa mpaka juu ingawa nje kulikuwa na joto bado. Aliichukua kabichi moja, akaipima, akairudisha mahali pake, katikati ya nyingine.

“Nekesa, mwanangu,” akasema. “Njoo umsomee.”

“Nimsomee nini, Bwana Nazir?”

“Picha zake. Zile zenyewe. Ninazo zote kwenye kompyuta, sijafuta hata moja. Ningezifutaje?”

“Kwa nini usimsomee wewe?”

Alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa bei. “Mimi nikiona kitu kiko pembeni, mkono wenyewe unakwenda kukirudisha. Miaka yote watu walikuja kwangu nikawanyoosha shingo. Nilidhani namlinda. Wewe unasema tu kilichopo, na huna haya.” Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, nikaenda.

Mama Gulshan alikubali kwa masharti mawili: kwamba sitasema nzuri wala mbaya, na kwamba Nazir hatafungua mdomo. Tulikaa katika chumba kilichokuwa cha Farah kabla hajaenda chuo, Mama Gulshan kwenye ukingo wa kitanda, mimi kwenye kiti cha plastiki, Bwana Nazir mbele ya kompyuta akibonyeza picha moja baada ya nyingine bila kuruhusiwa hata kukohoa. Ilituchukua Jumamosi nyingi. Nyingine zilikuwa si kitu, na nilisema. “Hii, Mama, ni kidole chako.” Tupa. “Hii yote nyeusi.” Tupa. “Hii kuna mbwa, lakini anatikisika, na wewe ulitikisika, na nadhani hata dunia ilitikisika.” Alicheka, tupa. Lakini zilizobaki zilinifanya niteremshe sauti. Benchi la bustani tupu, na mwisho wa picha mkono wa koti la mtu anayeondoka. Uwanja wa kuegesha magari umejaa theluji ambayo haijakanyagwa, na kona ya chini bata bukini mmoja amefika. Katika kila moja katikati palikuwa pamepumzika, na mambo yalikuwa yanatokea pembeni. Nilieleza, na Mama Gulshan alisikiliza kichwa kimeinama, na nilimwona anavyozipata picha zake moja moja.

Ya korongo ilipofika nilieleza maji, viduara, anga. Nilipomaliza, Bwana Nazir akavunja sharti. “Gulshan,” akasema kwa sauti ndogo, “hii usiiguse. Hapa katikati pana nafasi ya mtu kukaa.”

Nilingoja kidole kigonge. Hakikugonga.

“Nani amesema?” akauliza Mama Gulshan, ingawa tulikuwa watatu tu.

“Mimi.”

“Rudia.”

Akarudia. Mama Gulshan alijisogeza kwenye ukingo wa kitanda mpaka magoti yake yakagusa mgongo wa kiti cha mumewe, akaniambia niende jikoni nikaangalie chai. Chai ilikuwa haijawekwa jikoni. Nikaiweka, na sikuharakisha.

Mwezi wa kumi ukuta wa maktaba, ule ulio kati ya vitabu vya watoto na mlango wa choo, ulikuwa na picha za Mama Gulshan jinsi zilivyo. Alivaa sari ya zambarau akasimama pembeni, na kila aliyefika alimtazama akamkuta anatazama rafu za vitabu. Wengine walipita, wakainamisha kichwa, wakaendelea na safari ya chooni. Wengine walisema zile picha zimekosewa kuchapishwa, na Bwana Nazir, Mungu amrehemu, alikwenda kwa kila mmoja wao akaeleza kwa adabu kuwa hazijakosewa. Kisanga alikuja na shemeji mwenye nguzo. Alisimama mbele ya korongo muda mrefu, mikono nyuma, nami nikasubiri “imetulia” yake. Haikuja. Akakuna shingo akasema, “Mama, mbona nikiitazama hii najisikia kama kuna mtu alikuwa hapa, ameondoka sasa hivi?” Sijawahi kuona mtu amefurahi kama Mama Gulshan alivyofurahi. Aliuliza nani amesema, akajua vizuri sana nani amesema, akamlazimisha arudie.

Nimepata maisha mazuri tu tangu hapo, siwezi kulalamika. Vijana wa kanisani hunitumia picha zao kwenye simu, maua, watoto, ukungu wa ziwani, wakitaka niwaambie kitu, na mimi huwajibu kwa kirefu mpaka mume wangu anasema nitamaliza bando. Naanza na kilichopo. Mara nyingi naishia hapo, na wao hujionea wenyewe nguzo ilipo.

Basi lilinifikisha, na Farah alinifungulia mlango. Sebuleni saa ilikuwa bado imekufa, pazia lilelile. Mama Gulshan alikuwa kwenye kiti chake, amevaa nguo nyeupe za msiba, mdogo kuliko nilivyomwacha, na nilipombusu kichwani alisema, “Umenenepa, nimesikia hatua.” Juu ya meza kulikuwa na kompyuta ndogo ya Farah. Picha walizokuwa wamechagua zilikuwa nzuri zote, za studio, uso katikati, masikio mawili. Mama Gulshan alizikataa kwa kuwa si yeye aliyezipiga.

“Iko moja,” akaniambia. “Mwaka ule wa ukuta, jikoni, asubuhi. Farah haioni. Itafute wewe.”

Niliipata. Nilivaa miwani yangu, nikaanza. “Kuna jikoni yenu, Mama. Katikati kuna mlango wa roshani, na mwanga mwingi, na nje theluji inaanguka. Kuna mvuke umesimama kwenye mwanga. Bwana Nazir yuko pembeni kabisa kulia, anamimina chai. Bega moja limetoka nje ya picha. Anacheka, nadhani na wewe.”

“But Mummy, he's cut off,” akasema Farah, akilalamika kwamba baba yake amekatwa.

“Masikio mangapi?” akauliza Mama Gulshan.

“Moja.”

Nilidhani atasema iachwe ilivyo, na nilikuwa tayari kumuunga mkono, maana ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumsomea. Lakini alikuwa anatabasamu upande wa pazia. “Miaka yote tangu siku ile,” akasema, “hakugusa tena picha yangu hata moja. Na alikuwa anataka. Nilikuwa namsikia anavyohema.” Alinyoosha mkono akautafuta wangu. “Hii ni yake. Leo mkatie.”

“Mama, tukikata maji yote yanaondoka. Yaani mwanga. Na mvuke.”

“Najua. Kata.”

Nikakata huku, na huku, kama alivyokuwa akionyesha kwa viganja. Nikavuta. Farah alikuwa ameinama juu ya bega langu, analia.

“Haya,” akasema Mama Gulshan. “Kuna nini?”

“Kuna Bwana Nazir. Uso uko katikati. Sikio moja. Ana chembechembe, Mama, na kidogo ana ukungu.”

Akayageuza yale macho yake kutoka kwenye pazia, akayaelekeza kwenye kompyuta moja kwa moja, mahali ambapo kwa miaka yote hakuwa ameona kitu.

“Mashallah,” akasema. “Imetulia.”